Kibarua Mwenye Daftari

Weka vitabu viwili juu ya meza. Cha kwanza kina namba 496.392 mgongoni, ni kitabu cha Kiswahili. Cha pili kina 496.5; kinahusu lugha za Kinilo-Sahara. Mwambie mwanafunzi aliyekuja kuomba kazi ya maktaba avipange rafuni. Wengi watatanguliza cha pili, maana jicho linaona mia tatu tisini na mbili upande huu na tano upande ule, na tano ni ndogo. Wamekosea. Namba za Dewey zikishavuka nukta husomwa tarakimu moja moja: tatu huja kabla ya tano, kwa hiyo Kiswahili kinatangulia. Jambo lenyewe hufundishika kwa dakika tano, na aliyekosea mara ya kwanza si lazima awe mfanyakazi mbaya. Ila kosa hilo likipita bila kuonekana, kitabu kitakaa rafu isiyo yake, na kitabu cha namna hiyo kimepotea kuliko kilichoibwa, kwa sababu katalogi inaendelea kuapa kwamba kipo. Msomaji atakitafuta, atachoka, ataondoka. Hakuna atakayejua alaumiwe nani.

Katika vyuo vyetu vikuu ni nadra mwombaji wa kazi za namna hii kuwekewa chochote mezani. Fomu, pale palipo na mpango wa kuwaajiri wanafunzi, huuliza mambo mengine kabisa. Baba yupo? Mama anafanya kazi gani? Ada unadaiwa kiasi gani? Ambatisha barua ya chifu au ya mtendaji wa kata, na cheti cha kifo kama kipo. Kamati hukaa, ikayapanga majina kuanzia mwenye dhiki kubwa zaidi, kisha ikayagawa kama magunia ya msaada: kumi waende maktaba, watano bwaloni, watatu bustanini, wawili masijala. Mkuu wa maktaba hupelekewa orodha iliyokwisha kusainiwa. Hakuomba watu kumi, hajui watafanya nini, na pengine hana hata viti kumi. Wote waliohusika wana nia njema, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Dhiki ya mwanafunzi ni sababu nzuri ya kumpa fedha, na ni sababu nzuri ya kumruhusu aombe kazi. Lakini ikiwa ndiyo sababu ya kumpa kazi fulani, inaiua kazi yenyewe, kwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa huruma hasimamiki.

Tazama inavyokuwa. Kijana amepangiwa zamu ya saa mbili asubuhi, anafika saa tatu na robo. Msimamizi, mama wa makamo aliyelisoma faili lake na anayejua kwamba kijana huyu analea wadogo zake wawili kwa bumu la Bodi ya Mikopo, anameza maneno. Akimkemea ataonekana anamkanyaga aliyekwisha kuanguka. Wiki inayofuata kijana anachelewa tena, na mama anavirudisha vitabu rafuni mwenyewe kabla hajafika, asije akaonekana na wakubwa. Mwezi wa pili kijana anakuja, anasaini daftari la mahudhurio, anafungua desa lake nyuma ya kaunta na kujisomea test ya kesho. Hakuna anayesema neno, kwa sababu hakuna kilichoharibika: kazi yake imefanywa na mtu mwingine, au haikuwapo tangu mwanzo. Naye si mjinga. Ameshaelewa kwamba anacholipiwa ni cheti cha kifo cha baba yake. Vitabu ni kisingizio. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa muhula mzima hajapewa jembe, na upole anaoonyeshwa ni ule wa kumvumilia mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia abaki.

Mkorogano huu una historia, na sehemu yake tumeirithi. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, chini ya Thomas Jesse Jones na akiwamo James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki ikichunguza shule. Kielelezo ilichokibeba kichwani kilikuwa chuo cha Wamarekani weusi cha Tuskegee, Alabama, kilichoanza mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, na mwaka uliofuata ziara hiyo ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa mawazo hayo hayo. Wazazi wengi wa Kiafrika waliitazama elimu ya kazi za mikono kwa mashaka, na walikuwa na haki: mtoto wa Mzungu alipewa kitabu, wa kwao akapewa jembe. Lakini kilichovuka bahari kilikuwa jina la Tuskegee tu. Katika tawasifu yake ya mwaka 1901 Washington anasimulia jinsi wanafunzi walivyofyatua matofali ya kujengea chuo chao. Tanuri la kwanza liliharibika. La pili likaharibika, na la tatu. Fedha ikaisha. Akaiweka rehani saa yake kwa dola 15, wakachoma tanuri la nne, likaiva, na baadaye hata majirani wazungu wasioipenda shule hiyo wakaja kununua matofali. Wakati anaandika, anasema, majengo 40 yalikuwa yamesimama, na ukiondoa 4, yote yalikuwa karibu kazi tupu ya mikono ya wanafunzi. Tofali halina huruma. Likichomwa vibaya linapasuka, awe aliyelifyatua ni yatima au mtoto wa tajiri, na likipasuka mwalimu ana cha kusema na mwanafunzi ana cha kusikia. Yapo mengi ya kumlaumu Washington, na mwanazuoni W.E.B. Du Bois aliyasema wakati mwenyewe angali hai. Ila katika hili la tofali sioni wa kumpinga.

Nyerere aliligusa jambo hilo hilo katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Shamba la shule alilolitaka lilikuwa shamba ambalo maisha ya wanafunzi yangelitegemea, kama mkulima anavyotegemea lake: likizaa wafaidi, lisipozaa wakose, na wao wenyewe wawemo katika kuamua. Kilichotokea katika shule nyingi kila aliyesoma Tanzania anakijua. Shamba likawa la mwalimu mkuu na jembe likawa adhabu. Aliyekosa namba ya asubuhi hufyeka, aliyepiga kelele darasani huchota maji, aliyetoroka hung'oa kisiki. Kijana anafika chuo kikuu akiwa amefundishwa kwa miaka 13 kwamba kazi inayotolewa na shule ni adhabu. Chuo nacho kinampokea kwa kazi ambayo ni sadaka. Kati ya adhabu na sadaka, hajawahi kuonyeshwa ajira.

Marekani walitenganisha milango miwili ambayo sisi tumeifanya mmoja. Vijana wa Kenya na nchi jirani waliopanda ndege za mwanasiasa Tom Mboya kwenda kusoma huko kuanzia Septemba 1959, wa kwanza wakiwa 81, waliuonja ulimwengu huo mapema: ufadhili wa wengi haukutosha, wakaosha vyombo kwenye mabwalo ya vyuo ili waishi. Mpango rasmi wa serikali ya huko ulizaliwa katika Sheria ya Fursa za Kiuchumi aliyoisaini Rais Lyndon Johnson mnamo Agosti 1964, nao upo hadi leo. Mlango wa kwanza ni wa dhiki. Ofisi ya misaada ya kifedha hupima uwezo wa familia, na mwenye uhitaji huambiwa kwamba anaruhusiwa kuchuma hadi kiasi fulani kwa mwaka. Hapo hajapata hata senti. Ndipo huenda mlango wa pili: hutafuta kazi iliyotangazwa, huiomba, huhojiwa, huweza kukataliwa, na akikubaliwa hulipwa kwa saa alizofanya, kwa kiwango kisichopungua kima cha chini cha mshahara. Kwa kawaida serikali hubeba hadi asilimia 75 ya ujira huo na chuo hubeba kinachobaki. Anayemsimamia hahitaji kujua baba wa kijana alikufa lini. Anachohitaji ni kujua kama anaweza kupanga 496.392 kabla ya 496.5. Sidai kwamba mpango huo hauna walakini. Idara inayochangia robo tu ya ujira ina kishawishi cha kuomba wanafunzi sita pale panapohitaji wawili, kwa kuwa kitu rahisi hakifikiriwi sana, na hapo kijana anayesoma desa nyuma ya kaunta huzaliwa upya kwa Kiingereza. Lakini walau milango ni miwili, na kila mmoja una bawabu wake.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa watu ninaowaheshimu, maofisa wa ustawi wa wanafunzi wanaokutana na njaa ana kwa ana. Wanasema ukianza kupima uwezo, watashinda waliosoma shule zenye kompyuta na maktaba, na aliyetoka sekondari ya kata, ambaye ndiye mpango uliwekwa kwa ajili yake, atabaki nje. Tena mahojiano ni mlango wa wajomba: mtoto wa mkuu wa idara atahojiwa vizuri sana. Upande wa kwanza wa hoja hii una ushahidi nyuma yake. Judith Scott-Clayton na Veronica Minaya, katika utafiti wao wa mwaka 2016 juu ya mpango huo wa Marekani, waligundua kwamba manufaa yake yalikuwa makubwa zaidi kwa wanafunzi wa kipato cha chini na kwa walioingia na alama ndogo. Kwa hiyo mlango wa dhiki ubaki, tena ubanwe zaidi kuliko unavyobanwa sasa: asiye na uhitaji asiruhusiwe hata kuomba. Ndani ya orodha hiyo ya wenye uhitaji, ambao ni wengi kuliko kazi, ndimo kipimo kinapoingia. Na kipimo chenyewe kiwe cha kazi. Usimuulize kijana aeleze uwezo wake na udhaifu wake, swali ambalo hujibiwa vizuri na waliokwisha kulijibu mahali pengine. Mpe vitabu, mwonyeshe kanuni kwa dakika tano, mpe vingine 20 avipange, uone anavyouliza anapokwama. Unampima kwa kufundishika kwake, na aliyetoka sekondari ya kata hana upungufu wa hilo. Kuhusu wajomba, meza yenye vitabu 20 ni kinga bora kuliko orodha ya kamati. Barua ya mtendaji inaweza kununuliwa. Mpangilio wa namba ama uko sawa ama hauko sawa, na kila anayepita anauona.

Walioenda mbali zaidi ni Berea, chuo kidogo cha Kentucky kilichoanzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mpinga utumwa, kwa ajili ya weusi na weupe kusoma pamoja. Tangu 1892 hakitozi ada ya masomo. Badala yake kila mwanafunzi, pasipo kubagua, hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki: ofisini, maabara, shambani, kwenye karakana ya mifagio ambayo imekuwa moja ya alama za chuo. Kwa kuwa wote wanafanya kazi, kazi haimtangazi mtu kuwa maskini. Aibu imefukuzwa kwa hesabu, bila hotuba. Kazi hiyo hutathminiwa, na kumbukumbu yake hutunzwa kama zinavyotunzwa alama za darasani. Mwanafunzi naye ana nafasi ya kutathmini kazi aliyopewa, na hilo la mwisho, nadhani, ndilo linalowafanya wasimamizi waamke mapema. Mtu atasema Berea ni tajiri, na kweli hazina yake inazidi dola bilioni 1. Chuo chetu kinachodaiwa bili ya umeme kitaiga nini? Kisiige kufuta ada. Hicho ndicho hazina inacholipia. Lakini kuandika kwa karatasi moja kazi gani inatakiwa kabla ya kuomba mtu, kumtathmini mtu huyo kila muhula, na kumwuliza yeye anaonaje, havihitaji bilioni wala milioni. Vinahitaji msimamizi aliyepewa muda wa kusimamia.

Na kusimamia, hapa kwetu, kuna mtego mmoja ambao vitabu vya menejimenti vya kigeni havina habari nao. Msimamizi anaeleza kazi, kisha anauliza: umeelewa? Kijana anajibu: nimeelewa, Mama. Hakuelewa. Alichosema ni heshima. Tangu chekechea amejua kwamba swali hilo lina jibu moja, na kwamba kumwambia mkubwa hujaelewa ni sawa na kumwambia hajui kueleza. Kwa mtu aliyekuja kwa mlango wa huruma mzigo unazidi, maana anahofu kwamba akionyesha kutojua atakumbushwa kwamba alibebwa tu. Kwa hiyo anaitika, anaondoka, na kuwauliza wenzake ambao nao waliitika jana. Msimamizi mzoefu haulizi kama umeelewa. Anasema: nionyeshe. Hebu nirudishie kitabu hiki kwenye mfumo nikiona. Mteja amekuja na kadi iliyokwisha muda na anapandisha sauti; mimi ndiye mteja, nihudumie. Kijana anakosea mbele ya mtu mmoja badala ya mbele ya foleni, na kosa linakuwa la siku ya mafunzo. Hilo huchukua asubuhi nzima kwa kila mwajiriwa mpya, na wasimamizi hulalamika kwamba hawana asubuhi za kugawa. Ni kweli hawana, ikiwa wameletewa watu kumi. Wakichagua watatu, asubuhi tatu zitapatikana. Huruma inayogawa kazi kumi zisizo na msimamizi hutoa kidogo kuliko inavyodhani.

Hatua ya pili ya usimamizi ni kumweka mwanafunzi juu ya wanafunzi. Wa mwaka wa tatu, aliyekwisha kukosea makosa yote, awe mkuu wa zamu ya jioni. Wapo wanaoliogopa hili kwa kuwa vijana hulindana, na hofu yao ina msingi: ukimpa jukumu la kuripoti utoro wa mtu anayelala naye chumba kimoja, utapata mahudhurio ya asilimia mia moja kwenye karatasi. Utoro ubaki kwa msimamizi mwenyewe. Mkuu wa zamu apewe kile rika linachoweza kufanya vizuri kuliko mkubwa, yaani kumwonyesha mwenzake jinsi ya kufanya, kwa lugha yao, bila shikamoo katikati.

Ujira ni mahali ambapo vyuo hujikata mkono wenyewe. Katika vyuo vingine mwanafunzi anayefanya kazi haioni fedha yake. Huingizwa moja kwa moja kwenye deni la ada, na anachopata ni namba iliyopungua kwenye tovuti ya uhasibu. Wanaotetea utaratibu huo wanasema kijana akishika fedha ataila, na mwisho wa mwaka atazuiwa kufanya mtihani. Inawezekana. Lakini mtu asiyeona ujira wake hawezi kuuhusisha na saa zake. Basi kama ni lazima fedha iende kwenye ada, apewe kila mwezi hati ya malipo inayoonyesha saa alizofanya, kiwango kwa saa, na kilichokatwa, ili hata akibaki na shilingi za vocha tu ajue zimetoka kwenye zamu ipi. Kinachoharibu kuliko vyote ni ucheleweshaji. Mpango wa Marekani unadai mwanafunzi alipwe angalau mara moja kwa mwezi. Pale ambapo malipo ya Novemba yanatoka Machi, msimamizi amenyang'anywa mdomo: hawezi kudai saa mbili kamili kutoka kwa mtu ambaye chuo chenyewe kimemchelewesha miezi minne. Kijana aliyekopa nauli ya kuja kazini anakwenda kufanya kibarua mtaani, ambako hulipwa jioni ile ile, na nani atamlaumu? Huko mtaani, zaidi ya hayo, hakuna anayejali kama kesho ana mtihani.

Hilo linagusa pingamizi la wahadhiri, kwamba mwanafunzi alikuja kusoma na kila saa ya kaunta imeibwa darasani. Lingekuwa na nguvu kama asiyepewa kazi chuoni angekuwa anasoma saa hizo. Utafiti ule ule wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba karibu nusu ya walio katika mpango wa Marekani wangefanya kazi mahali pengine hata bila mpango. Kwa hao, kazi ya chuoni ilipunguza saa za kazi na kuboresha masomo. Kwa nusu nyingine, faida ilionekana baada ya chuo, katika kupata ajira, ingawa alama za mwaka wa kwanza ziliguswa kidogo. Kiasi ndicho cha kuangaliwa. Gary Pike, George Kuh na Ryan Massa-McKinley walionyesha mwaka 2008 kwamba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki kuliendana na alama za chini, na mwanafunzi wa kigeni huko Marekani haruhusiwi kuzidisha saa hizo 20 wakati masomo yanaendelea. Kwa ratiba zetu, ambamo lekcha huhamishwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku, ningeanzia 10 na nisipande haraka. Ratiba ya masomo iwekwe mezani kabla ya ratiba ya zamu, na wiki za mitihani zamu zipunguzwe bila kuombwa. Maktaba iliyomfanya kijana apate sapu tatu, au adisko kabisa, haijamsaidia yeyote.

Kuna kazi ambazo mwanafunzi asipewe hata akiwa hodari kuliko wote, nazo ni zile zinazomwonyesha siri za wenzake: alama kabla hazijatangazwa, madeni, faili za zahanati, mashauri ya nidhamu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, Tanzania ina yake ya taarifa binafsi tangu 2022, na hakimu hatashawishika na utetezi kwamba aliyevujisha alikuwa kibarua tu. Masijala, basi, iondolewe kwenye ile orodha ya kamati. Hili halihitaji maneno mengi.

Linalohitaji maneno ni pingamizi la wafanyakazi wa kudumu, kwa sababu hao ndio wenye cha kupoteza. Mhudumu aliyefagia korido za chuo kwa miaka 18 anaona wanafunzi wanakuja na ufagio kwa robo ya mshahara wake, na hahitaji kuambiwa mwaka ujao nani atapunguzwa. Kanuni za Marekani zinakataza kazi za mpango wa serikali kuchukua nafasi ya mwajiriwa aliyepo, na hata kama sheria zetu hazisemi hivyo kwa wanafunzi, chuo kinaweza kujifunga chenyewe kwa maandishi na kumpa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi nakala. Bila hivyo usimamizi utakufa kwa njia nyingine, maana anayetakiwa kumfundisha mwanafunzi ni yule yule anayehofu kwamba anamfundisha mrithi wake, na mtu wa namna hiyo hufundisha nusu. Wala kazi halali hazikosekani. Chuo kina vilele ambavyo mtumishi wa kudumu hawezi kuvibeba: wiki ya usajili, foleni inapofika getini na wageni hawajui hata ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wapi, saa za usiku maktabani baada ya watumishi kwenda kwao, siku mfumo wa nywila unapokorofisha watu elfu moja kwa pamoja. Hapo mwanafunzi hana mshindani, kwa kuwa anaishi mita mia mbili kutoka kazini na mwaka jana foleni hiyo hiyo ilimtesa yeye. Bustani na ufagio, ambavyo kamati huvikimbilia kwa kuwa havihitaji mafunzo, ndivyo vyenye wenyewe tayari.

Halafu kuna kumwachisha mtu. Hapa ndipo mpango wa huruma huumbuka, kwa sababu kumwondoa kazini aliyeajiriwa kwa dhiki ni kama kumfukuza chuo, na hakuna msimamizi anayetaka dhambi hiyo. Matokeo yake mzembe mmoja hubaki miaka mitatu, na wale wengine wawili wanaofanya kazi yake hujifunza kutoka kwake kuliko kutoka kwa msimamizi. Milango ikiwa miwili, kufunga mmoja hakufungi mwingine. Kijana aliyeonywa kwa mdomo, kisha kwa maandishi, na ambaye bado anaacha kaunta tupu saa mbili asubuhi, huondolewa kaunta. Jina lake linabaki kwenye orodha ya wenye uhitaji, na anaweza kuomba kazi nyingine, pengine ya jioni, pengine ya maabara, ambako atafaa. Na kama dhiki yake ni kubwa kiasi kwamba hawezi kufanya kazi yoyote, kwa kuwa anauguza au anaugua, hiyo haikuwa shida ya ajira. Apewe fedha, waziwazi, kutoka mfuko wa fedha, asitakiwe kusaini daftari la uongo kila asubuhi ili kuzistahili.

Kinachobaki ni tatizo ambalo halina dawa kamili: wanaondoka. Kila Julai chuo hupoteza watu waliochukua miaka miwili kuiva, na Oktoba huanza na wasiojua nukta ya Dewey. Maktaba chache zimezoea kumwachia mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wiki mbili za mwisho za ujira wake kwa kazi moja tu, kuandika daftari la makabidhiano kwa atakayemfuata. Haandiki sera, anaandika kwamba printa ya ghorofa ya pili hukwama ukiweka karatasi zaidi ya 40, kwamba profesa fulani hurudisha vitabu kwa kumtuma dereva na dereva hataki risiti, kwamba ufunguo wa kabati la magazeti ya zamani hufungua ukiuinua kidogo kwanza. Msimamizi hulisoma kabla ya kulikabidhi, kalamu nyekundu mkononi, na kwenye ukurasa wa tatu au wa nne hukuta kanuni aliyoifundisha yeye mwenyewe, imeandikwa vibaya, na imefanywa hivyo kila zamu kwa miaka miwili.